Joho la Arobaini

Wapenzi wa pale sokoni, mmenisumbua vya kutosha. Tangu nishuke kwenye basi kila mtu ananivuta leso: Risper, Juba kulikuwaje, ulilia, ulifukuzwa, ulikula nini. Basi kaeni. Nitasimulia mara moja tu, na atakayenikatiza atajishonea mwenyewe sare za watoto wake. Lakini lijulikane mapema: nimerudi nikiwa mshindi. Nilichokwenda kutafuta nilikipata, na nilikipata mbele ya watu.

Kisumu hadi Kampala

Siwezi kuanza na barabara kabla ya kuwaambia kosa langu, maana safari yote ilikuwa ya kwenda kuomba msamaha. Mnamkumbuka Keji, yule dada wa kabila la Bari aliyekimbia vita kusini mwa Sudan, akashona nasi miaka kumi na mmoja dukani kwa Mama Hansa. Meza yake na yangu zilitazamana. Nilimfundisha kukata kola, yeye akanifundisha kupika bamia. Amani ilipotiwa saini kule kwao akaamua kurudi Juba, na Mama Hansa akampa cherehani bora kuliko zote dukani, ile niliyokuwa nikiimezea mate kwa miaka. Wivu ukanipanda hadi kichwani. Keji alipokuja kunikumbatia kuniaga, nikamwambia mbele ya wateja, "Nenda tu. Hata hivyo hukuwahi kuwa mmoja wetu." Akaniachia, akachukua mizigo yake, akaondoka.

Mama Hansa, mwenye duka, hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinitazama tu kwa miwani yake minene, akarudi kukata kitambaa, na miaka miwili ikapita. Kisha Keji akapiga simu. Alikuwa na kibanda cha kushona katika soko la Konyo Konyo, na kanisa lao lililopata mabati mapya baada ya vita lilimpa kazi ya kushona majoho arobaini ya kwaya kwa ibada ya ufunguzi. Mafundi wake wawili walikuwa wamerudi kwao Uganda ghafla. Aliomba Mama Hansa amtumie mtu mmoja wa kumsaidia, vinginevyo wazee wa kanisa wangenunua majoho ya dukani na yeye angebaki na aibu. Mama Hansa aliweka simu chini, akanifunga uzi mwekundu mkononi ili nisisahau nilichotumwa, akasema, "Utaenda wewe. Nimekufundisha miaka ishirini. Nenda tuone kama umeshika."

Kati ya Kisumu na Kampala nilikuwa na muda wa kutosha kujiuliza nimeshika nini. Mimi ni Mkristo, mnanijua, Jumapili siikosi. Lakini huwezi kukaa na Mama Hansa miaka ishirini bila kusikia mambo ya kwao. Yeye ni Mhindu wa njia inayoitwa Advaita, maana yake ni pasipo viwili. Hakunihubiria hata siku moja. Alikuwa akiinua gauni nililomaliza, akiuliza hiki ni nini. Nikisema gauni, ataniambia nimwonyeshe gauni bila kitambaa. Siwezi. Basi nimwonyeshe kitambaa bila nyuzi. Siwezi pia. Gauni, kaptula, shuka, yote ni majina na mikato, anasema, na chini ya majina yote kuna kitu kimoja, ambacho kwao wanakiita Brahman. Na kile kilicho ndani yako, kinachojua kwamba upo hata ukiwa umefumba macho, wanakiita Atman. Fundisho lake lote ni kwamba hivyo viwili si viwili.

Nilimbishia sana. Nilisema, Mama, mimi na wewe tuko wawili, wewe una duka na mimi sina. Akacheka. Siku moja nilifungua duka asubuhi na mapema kabla madirisha hayajafunguliwa, nikaona mwanamke amesimama karibu na kabati. Nikamkaribisha. Kimya. Nikamsalimia tena kwa sauti. Kimya. Nikaanza kumfokea kwamba dharau hiyo aipeleke kwao. Mama Hansa akaingia, akasukuma dirisha, na mwanga ukaiangukia sanamu yetu ya kuvalishia nguo. Mama Hansa akaniuliza mgeni wangu amekwenda wapi. Hakwenda popote, kwa sababu hakuwahi kuja. Lakini hasira yangu ilikuwa ya kweli kabisa. Hiyo ndiyo maya, aliniambia. Si kwamba hakuna kitu pale. Kipo kitu, ila umekisoma vibaya na sasa unagombana nacho.

Kampala hadi Gulu

Basi la Juba lilipaswa kuondoka alfajiri. Liliondoka saa nne, baada ya dereva kupakia magunia ya vitunguu hadi kwenye njia ya katikati, tukawa tunapita juu yake kwa magoti. Jirani yangu wa kiti alikuwa Mama Nakato, Mganda mnene, mcheshi, mlokole hadi unywele wa mwisho. Kabla hatujatoka mjini alishanigawia nusu ya chapati yake iliyoviringwa na mayai, akaniambia ana duka la nyanya Konyo Konyo na kwamba Keji yuko vibanda viwili kutoka kwake. Nikashukuru Mungu hapohapo.

Aliniuliza uzi ule mkononi ni wa nini, na mimi, kwa kujifanya mwalimu, nikamwagia somo lote la gauni na kitambaa. Nikafika mahali Mama Hansa husema kwamba ukichimba chini ya jina lako na umbo lako, utakuta wewe ndiwe hicho kimoja. Mama Nakato akatafuna polepole, akafikiri.

"Sasa wewe nasema mimi iko Mungu," akasema. "Kama mimi iko Mungu, kwa nini Mungu napewa kiti imevunjika?"

Watu wa viti vya mbele wakacheka hadi dereva akauliza kuna nini. Nilijitetea kwamba si yeye Mama Nakato mwenye duka la nyanya aliye Mungu, ila kile kilicho chini ya Mama Nakato na chini ya kiti pia. Akasema chini ya kiti kuna vitunguu. Kusema kweli nami nikacheka. Pale Karuma tulivuka daraja, nyani wakatukodolea macho, na Mto Naili ukipiga kelele kwenye mawe. Mama Nakato akaniambia hayo ni maji ya ziwa letu, na kwamba nitayakuta tena Juba. Yalinifariji, sijui kwa nini.

Gulu hadi Nimule

Tulilala Gulu, na asubuhi tulipotoka mvua ikatupokea. Mbele kidogo ya Atiak basi likazama kwenye tope hadi tumbo, na tukakaa pale tangu saa tano hadi karibu saa kumi na moja. Wanawake wa kijiji cha karibu walituletea muhogo wa kuchemsha na siagi ya karanga iliyosagwa kwa jiwe, na hadi leo sijala kitu kitamu vile.

Shida ilianza tumbo lilipojaa. Mtu mmoja akasema basi halizami hivi bila sababu. Mwingine akautazama uzi wangu mwekundu. Mara abiria wote wakawa wanaamini nimebeba hirizi, na kwamba ndiyo inayoshika magurudumu. Wakaniomba, kwa adabu kabisa, niitupe kichakani. Mama Nakato naye akaniwekea mkono kichwani akaanza kukemea pepo kwa Kiganda. Nikapandwa na mori. Nikautoa mkono wake, nikasema ninyi watu mnaona mashetani kila mahali, ninyi hamkusoma, sisi kwetu mambo haya tuliyaacha zamani. Nilisema na mengine ambayo sitayarudia mbele ya watoto.

Mama Nakato hakukasirika. Alijipangusa tope miguuni, akasema, "Saa ile ulisema watu wote iko kitu moja. Sasa hivi iko sisi, iko ninyi."

Nilitamani tope linimeze pamoja na basi. Ilikuwa ni ileile niliyomfanyia Keji: nikishikwa na hasira, kisu changu cha kwanza ni kuwakata watu vipande viwili, wetu na wasio wetu, na mimi siku zote niko upande wa wetu. Miaka ishirini ya kusikia hakuna viwili, na bado mkasi uko tayari mfukoni. Nikamwomba radhi pale pale. Akanishika mkono, tukaenda nyuma ya basi tukasukuma na wengine, abiria wote na wanakijiji, huku tukirushiwa tope hadi kwenye meno. Lilipong'oka, mtu yule wa hirizi ndiye aliyenishangilia zaidi. Uzi bado ulikuwa mkononi, ila sasa ulikuwa rangi ya udongo.

Nimule hadi daraja la Juba

Tulilala Nimule. Kutoka pale barabara ilikuwa ya vumbi na mashimo, na pembeni kulikuwa na mawe yaliyopakwa rangi nyekundu kuonyesha mahali ambapo mabomu ya ardhini yalikuwa hayajaondolewa. Dereva alituambia mtu akitaka kujisaidia, ajisaidie barabarani na wengine watazame upande mwingine, na heshima tutairudia Juba. Tukafanya hivyo, wanaume na wanawake, na hakuna aliyekufa kwa aibu.

Mchana ulikuwa umekwenda tulipofika Sherikat, penye malori na wachuuzi, kisha magurudumu yakaanza kugonga vyuma vya daraja. Chini yetu Mto Naili ulikuwa mpana na mtulivu. Nikayasalimia maji ya kwetu kimoyomoyo. Mama Nakato alilia machozi ya furaha kwa kuuona mji ambao si wake, akasema hapa ndipo anapolishia watoto wake sita. Tukachukua bodaboda mbili hadi sokoni.

Konyo Konyo

Keji alikuwa ameketi kwenye ile cherehani. Alikuwa amenenepa kidogo, na nywele zake zilikuwa na mvi mbele. Aliponiona miguu yake iliacha kukanyaga pedali, lakini mikono haikutoka kwenye kitambaa. Alitegemea Mama Hansa atamtuma yule kijana wetu wa suti. Badala yake nimesimama mimi, mwenye tope kavu hadi magotini.

"Karibu, mama," akasema.

Mama. Miaka kumi na mmoja aliniita dada. Alinipa maji, akanipa kiti, akaniletea asida, ambayo ni ugali wao laini, na mchuzi wa bamia uleule alionifundisha mimi. Adabu yote ilikuwepo na hakuna mlango hata mmoja uliokuwa wazi. Nilipofungua mdomo kuomba msamaha alisema kazi ni nyingi, maneno yatangoja. Kisha akanipa bakuli la vifungo na sindano. Mimi, fundi wa miaka ishirini, nikashona vifungo vya kola kwa siku tatu kama mwanafunzi aliyeanza jana, na sikunung'unika hata kidogo. Haya, nilinung'unika kidogo, lakini kwa Kijaluo.

Kitambaa kilikuwa cha bluu na kola nyeupe, na bluu hiyo ilikuwa na vita vyake. Kwaya ile ilikuwa ya watu waliotoka kila upande. Wengine walirudi kutoka Khartoum, wengine kwenye kambi za Uganda, wengine Kenya, na wengine hawakuwahi kutoka Juba hata risasi zilipokuwa zikilia. Waliobaki waliona waliokimbia ni waoga, waliokimbia waliona waliobaki ni washamba, na kila kundi lilitaka majoho yake na rangi yake. Keji ndiye aliyesimama mbele yao akasema kitambaa ni kimoja, asiyetaka aimbe na shati. Niliposikia hivyo nikiwa nimeinamia vifungo, nilijua Mama Hansa alikuwa na wanafunzi wawili, na ni mmoja tu aliyeshika.

Jumamosi adhuhuri tulimaliza. Mama Nakato alikuja na pasi yake ya makaa kusaidia kunyoosha. Keji akayatundika majoho kwenye kamba, akayahesabu, na uso wake ukabadilika. Thelathini na tisa. Akahesabu tena. Nikahesabu mimi, akahesabu Mama Nakato kwa kugusa kila bega. Thelathini na tisa. Tukafungua daftari la vipimo: majina thelathini na tisa. Lakini mwalimu wa kwaya alikuwa ameapa kwamba sauti ni arobaini, na wazee wa kanisa wangehesabu mlangoni asubuhi.

Hapo ndipo soko lilipochafuka. Keji alidhani amemsahau mwimbaji mmoja anayefanya kazi na malori, akakimbia hadi Sherikat kwa bodaboda, akamkuta, na kumbe joho lake lilikuwa la tatu kwenye kamba. Waimbaji wakaanza kukusanyika kibandani. Wa Khartoum wakasema aliyeachwa ni wa kwao, na ameachwa makusudi. Wa Uganda wakasema hapana, ni wa kwao. Waliobaki wakasema ndiyo maana hawakutaka mambo ya rangi moja. Sauti zikapanda. Keji alirudi kutoka Sherikat akiwa amejaa vumbi, akasimama katikati yao, akaanza kuyahesabu majoho upya.

Mimi nilikuwa nimekaa na daftari mapajani. Kifua, bega, urefu, kifua, bega, urefu, jina baada ya jina, yote kwa mwandiko mmoja. Nikawaza ambavyo Mama Hansa hufumua mambo. Mkono unauma, unaujua mkono, basi wewe si mkono. Hasira imekuja, unaiona hasira, basi wewe si hasira. Fumua, fumua, hadi abaki yule anayeona, na huyo humwoni popote kwa sababu ndiye anayetazama. Nikainua macho. Tepu ya kupimia ilikuwa shingoni mwa Keji, kama ilivyokuwa shingoni mwake siku zote tangu nifike. Nikakumbuka kwamba kila jioni, tukishona, alikuwa akiimba sauti ya pili ya nyimbo za kwaya.

Nilisimama, nikapita katikati ya watu, nikaitoa ile tepu shingoni mwake.

"Simama wima," nikamwambia.

Akaniuliza nafanya nini. Nikampima kifua, nikampima bega, nikapiga magoti kwenye vumbi la Konyo Konyo nikampima urefu hadi kifundoni. Niliposimama nilikuwa nalia na sikujali.

"Wa arobaini ni wewe," nikasema. "Umempima kila mtu ukajiacha nje. Mimi miaka miwili iliyopita nilikutoa kwenye hesabu ya watu wetu, na nilikosea, Keji. Leo umejitoa mwenyewe. Na hili pia silikubali."

Alinitazama. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, na machozi yakimtoka, na wa Khartoum wakacheka, na wa Uganda, na waliobaki, na Mama Nakato akaketi juu ya gunia lake kwa kucheka. Keji akanishika mabega. "Malesh, dada," akasema. Malesh ni pole yao ya Juba, na samahani yao pia. Aliyekosa nilikuwa mimi, na bado yeye ndiye aliyeisema kwanza.

Kitambaa kilikuwa kimekwisha. Alikuwa amenunua cha watu thelathini na tisa, kama daftari lilivyosema, na duka la kitambaa kile lilikuwa limefungwa. Lakini fundi hatupi mabaki. Tulimwaga gunia la vipande chini, vya mikono, vya makwapa, vya pindo, kipande kutoka joho la kila mtu, na jua lilikuwa bado juu. Keji akainuka kwenye ile cherehani, ile niliyoililia, akakipangusa kiti chake kwa leso. Akaniambia niketi mimi. Nikashona, yeye akiunganisha na kubandika pini, na waimbaji wenyewe wakishika ncha za vitambaa ili visiguse vumbi. Kabla jua halijagusa mabati ya soko, joho la arobaini lilikuwa kwenye kamba. Nawaambieni mimi fundi, kwa karibu lilikuwa na mishono kama ramani. Ukirudi hatua kumi, usingejua ni lipi.

Kutoka sokoni hadi kanisani

Asubuhi nilivaa gauni langu la kijani, nikaenda na Mama Nakato. Kanisa lilinukia rangi mpya. Wazee walisimama mlangoni wakahesabu, na nilihesabu nao midomo ikicheza: arobaini. Kwaya ikaingia ikiimba kwa Kibari, ubeti wa pili kwa Kiarabu cha Juba, wa tatu kwa Kiswahili, na bluu ile ikajaa mbele. Nilijaribu kutofautisha wa Khartoum na wa Uganda. Nikashindwa. Nilijaribu kutafuta joho la vipande, na hilo pia lilinishinda hadi Keji alipotabasamu.

Baada ya mahubiri mchungaji alifanya kama kwetu: akasema wageni wote wasimame wajitambulishe. Nikashika begi langu. Nikawaza niseme jina, niseme natoka Kisumu, nishukuru, nikae. Nilikuwa nimeshainuka nusu.

Keji akatoka kwenye mstari wa kwaya, hatua moja mbele, kanisa zima likimtazama.

"Mchungaji, usimhesabu huyo," akasema. "Si mgeni. Huyo ni mmoja wetu."

Nikakaa.